Mkono ule haukuwa wa kushangilia

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu ujana wangu na sijawahi kukusumbua kwa barua. Lakini ile habari yenu ya mbunge wetu "kusikiliza kero" baada ya Bunge la Bajeti imenishinda kuimeza. Picha mliyoiweka juu, yule mzee mwenye kofia nyuma ya akina mama, mkono hewani, ni mimi. Chini yake mmeandika kuwa wananchi wanamshangilia mbunge. Nilikuwa naomba kipaza sauti.

Sikupewa. Tuliitwa saa nne asubuhi, msafara ukaingia saa tisa alasiri. Utambulisho peke yake ulikula karibu saa nzima: mwenyekiti wa hiki, katibu wa kile, hadi mpiga picha akapigiwa makofi. Kisha mheshimiwa akatusimulia Dodoma, jinsi alivyosimama, jinsi alivyochangia, jinsi waziri alivyobanwa. Maswali yalipofika, mshereheshaji akasema muda umetutupa mkono, mwenye kero aiandike kwenye karatasi ampe katibu wa mbunge. Yangu nilikuwa nimeshaiandika. Pampu ya kisima chetu haijatoa maji tangu kabla ya masika, na jibu nililitaka hadharani, kila mtu asikie. Basi nikaikabidhi. Katibu akaikunja mara mbili bila kuitazama, akaitupia mbele ya gari, pale chini ya kioo, juu ya karatasi nyingine ambazo jua limeshazibadilisha rangi. Hizo nazo zilikuwa kero za watu.

Mabati ndiyo yaliyonitibua kabisa, na mwandishi wenu kayaandika kama alivyoambiwa. Eti mbunge "ametoa" mabati ya darasa. Ametoa wapi? Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliundwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge mwaka 2009, na fedha zake zinatoka Serikalini, yaani kwenye kodi ya muuza mkaa, ya mwenye bodaboda na yangu mimi. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayozipangia matumizi, basi, hazijawa zake kwa sababu ya uenyekiti. Lakini siku ile mabati yalishushwa kwa vigelegele, mshereheshaji akipayuka kwamba mheshimiwa kaguswa akaingia mfukoni mwake, na mheshimiwa mwenyewe kakaa pale anatabasamu, hasemi neno. Mwalimu mkuu akaitwa mbele kushukuru. Nilimwonea huruma, maana ndiye aliyejaza fomu za kuyaomba mabati hayo na kuzifuatilia halmashauri hadi soli za viatu zikaisha. Mtu kahangaikia haki ya shule yake, halafu anashukuru mbele ya watu kama aliyepewa sadaka!

Na wale watoto? Walitolewa darasani tangu asubuhi, wakapangwa barabarani na matawi mikononi wakisubiri gari ambalo halikuja mpaka njaa ikawauma. Nimefundisha miaka mingi na sijaona mahali silabasi inaposema mwanafunzi ni pambo la msafara. Zahanati nayo ilifungwa mchana ule kwa sababu mganga alitakiwa meza kuu. Hilo ni la afisa elimu na mganga mkuu wa wilaya kulijibu, maana mbunge hakuwaandikia barua ya kuwalazimisha. Woga wao tu.

Sasa dawa yake. Ibara ya 71 ya Katiba yetu inasema mbunge akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, ubunge wake umekwisha. Safi sana. Dodoma wanajua kumhesabia. Wakenya katiba yao ya 2010 imewapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda, japo kuitumia si lelemama. Sisi tunangoja miaka mitano. Kwa hiyo napendekeza ibara hiyo iongezewe kifungu kidogo. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Najua vijiji ni vingi na mtu ni mmoja, kwa hiyo simtaki kila mahali. Kila Bunge linapoahirishwa, achague kijiji kimoja katika kila kata, aje kwenye mkutano wa kawaida ambao mwenyekiti ni wa kijiji, akae kwenye benchi, anyooshe mkono akitaka kusema, asaini daftari la mahudhurio kwa mtendaji. Akiruka kata moja mara tatu mfululizo, barua iende kwa Spika. Ruhusa tutaitoa sisi, kwa maandishi, akiumwa.

Na wewe mhariri, mwandishi wako alishuka kutoka gari la tatu la msafara huo huo. Safari ijayo mpe nauli apande basi, aje siku moja baada ya wageni kuondoka. Kisimani atatukuta.

Mwalimu mstaafu