Mwambie askari, ila mikono kwanza

Mhariri,

Huu mjadala wa kumwambia au kutomwambia askari kwamba una bastola ya kibali akikusimamisha barabarani kule Marekani, naona watu wanaufanya rahisi mno. Kwanza sheria yenyewe si moja, Michigan lazima useme mwenyewe papo hapo, Ohio tangu 2022 unajibu ukiulizwa tu, kwa hiyo dereva anavuka mpaka wa jimbo na wajibu wake unabadilika gari likiwa kwenye mwendo, sasa nani atakumbuka hayo usiku taa za polisi zinammulika kwenye kioo? (Na si kila jimbo linatambua kibali cha jirani, hiyo nayo kasheshe.)

Wanaosema nyamaza wanamtaja Philando Castile, dereva aliyesimamishwa na polisi Minnesota 2016, alisema kwa adabu kabisa kwamba ana silaha na bado akapigwa risasi akafa, askari akaja kuachiwa na mahakama 2017. Hapo siwezi kubisha, inauma. Lakini bado nasema mwambie, maana pochi na bastola mara nyingi viko upande mmoja, ukiinua shati utoe leseni, askari akaiona bastola mwenyewe ndo balaa. Zima gari, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani, halafu anza na kibali: "Afande, nina kibali cha kubeba silaha, iko kiunoni kulia, nifanyeje?" Usiguse kitu mpaka akujibu.

Na hao askari nao wafundishwe kutulia bana, mbona mzigo wote anabebeshwa raia?

Msomaji wenu