Utanipokelea wanafunzi wawili?

Kisumu

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wa nyumbani. Huku hatujambo, ila joto.

Nimo kwenye kamati ya mtaala wa udaktari, na kikao kilichopita tulizozana hadi chai ikapoa. Wenzangu wanataka wanafunzi waongezewe miezi ya wadi. Nikawatajia hesabu ya daktari mtafiti wa Marekani, Kerr White, na wenzake, ya mwaka 1961: katika watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja 750 huugua, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hufikishwa hospitali ya chuo kikuu. Sisi miaka sita tunamfundishia mwanafunzi kando ya kitanda cha huyo mmoja! Akipangiwa kazi kijijini Nyakach anadhani kaadhibiwa.

Juzi nilikuwa zahanati na kijana wa mwaka wa tano. Akaingia mama, presha 170 kwa 100, akasema dawa anameza. Kijana kalamu mkononi, anaongeza dozi. Nesi, anayemjua mama huyo miaka, akamwomba afungue mkoba. Vidonge vya mwezi uliopita, nusu havijaguswa. Humeza kichwa kikimuuma tu.

Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret wana mafunzo ya vijijini tangu miaka ya tisini, heko kwao. Ila mimi nataka wakae mwaka mzima, palepale kijijini, kama Chuo Kikuu cha Flinders cha Australia walivyoanza mwaka 1997. Waliokaa kwa madaktari wa mashambani walipata alama bora kuliko waliobaki hospitali kuu.

Ndipo ninapokuja kituoni kwako Njoro. Wapokee wawili. Wazunguke na wahudumu wa afya ya jamii, kila mmoja amfuate mjamzito toka kliniki ya kwanza hadi chanjo za mtoto za wiki ya sita, na wagonjwa wa presha na sukari wawajue kwa majina. Mmoja kikaoni aliuliza klinikal ofisa kama wewe, asiye daktari, atampaje alama mwanafunzi wa udaktari. Nikamuuliza yeye nani alimfundisha kushona kidonda. Kimya.

Niambie kama kuna nyumba ya kupanga karibu, na wewe ungedai nini, maana kufundisha bure juu ya foleni yako ni kukuonea. Dawa zikiisha stoo, usiwafiche. Waandike wao barua ya kuziomba.

Kikao ni Alhamisi. Nipigie kabla.

Wako,
Baba Otieno