Mnanikata hela kila siku, mechi inachezwa uwanja gani hamjui: barua kwa kampuni ya meseji za michezo

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Meseji za Habari za Michezo,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAARIFA ZA UONGO ZA MECHI NA VIWANJA, NA KUKATWA SALIO BAADA YA KUJITOA

Ndugu meneja, habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, nipo Dodoma, mwanachama wa klabu ya Simba na mtu wa tawi la mashabiki kabisa, na nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu nimeshindwa, napiga nawekewa muziki mpaka salio linakata.

Nilijiunga na huduma yenu kwa sababu tangazo lilisema nitaletewa ratiba, uwanja, saa na matokeo ya timu yangu, vya uhakika na mapema. Shilingi 150 kila siku iwe kuna mechi iwe hakuna, nikakubali, nikaona kwa mtu wa mkoani hiyo ni hela ya halali kabisa. Nawaombeni mlielewe hili la mkoani. Mtu anayekaa Temeke akisikia mechi haipo anageuza bodaboda anarudi kwake kulala, hasara yake ni buku mbili. Mimi nikisikia mechi haipo nimeshakata tiketi ya treni ya SGR, nimeshaomba ruhusa kazini, nimeshalipia chumba gesti, na kwenye tawi letu wapo kina mama wanaouza vitumbua wanaweka kidogo kidogo ili siku ya Simba na Yanga nao wakae jukwaani. Kwetu sisi habari kubwa kuliko zote ni mechi inachezwa wapi na saa ngapi. Mengine yote yanafuata.

Sasa tuanze na tarehe 8 Machi 2025. Nchi nzima inajua kilichotokea, Yanga mwenyeji, Simba wakaenda Uwanja wa Mkapa jioni ya kuamkia mechi kufanya mazoezi wakazuiwa, na kanuni inasema timu mgeni anayo haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Usiku ule ule Simba wakatoa taarifa kwamba hawachezi. Usiku ule ule ndugu meneja, yani sisi tulikuwa bado tupo Dodoma, mabegi yamepangwa, treni ni asubuhi. Meseji moja tu kutoka kwenu ingetosha, "Simba wametangaza hawachezi, subirini", hata kama hamjui mwisho wake. Hamkutuma kitu. Tumepanda treni, tumefika Dar, na mchana nyie mnatuletea meseji yenye KIKOSI CHA SIMBA LEO, majina yote kumi na moja, ya timu iliyokwisha kusema haiendi uwanjani! Siku hiyo hiyo Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi. Nataka mniambie hicho kikosi mlikitoa wapi, nauliza kwa dhati kabisa maana kuna mtu ofisini kwenu alikaa akakiandika.

Ile mechi ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni na Yanga wakatufunga 2-0. Kufungwa kunauma ila ndo mpira, naondoka uwanjani naumia lakini nimeona kwa macho yangu. Siwezi kulalamika kwenu kwa sababu ya kufungwa. Nalalamika kwa sababu ya Machi.

Alafu fainali. Hapa naomba msome taratibu kwa sababu hii ndo iliyofanya niandike.

Kombe la Shirikisho Afrika msimu ule tulipita njia ambayo shabiki wa Simba hatoisahau. Robo fainali Al Masry walitupiga 2-0 kule Misri, watu wakasema kwisha, tukarudi kwa Mkapa tarehe 9 Aprili tukarudisha zote mbili, tukashinda kwa penati 4-1. Nusu fainali ikapigwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, Ahoua akafunga tukawapiga Stellenbosch 1-0, kule kwao tukatoka suluhu tasa, tukaingia fainali. Fainali ya kwanza Morocco, RS Berkane wakatufunga 2-0. Mbili bila tena! Deni lile lile la Al Masry. Unaelewa sasa kwanini kila mwana Simba alikuwa anataka marudiano yawe kwa Mkapa na sio pengine? Uwanja wa watu 60,000, kelele zile mgeni anatetemeka toka kwenye basi, na ushahidi tunao wa mwezi mmoja nyuma. Ule msemo wa kwa Mkapa hatoki mtu haukuanzia mdomoni hivi hivi.

CAF, wasimamizi wa mpira wa Afrika, wakasema eneo la kuchezea la Mkapa halifai baada ya mvua, fainali iende Amaan Zanzibar. Ikawa ni tafrani, wengine wanasema uamuzi umeshatoka, wengine wanasema bado kuna mazungumzo, kila kona ya mji kuna habari yake. Katika hali kama hiyo ndipo mtu anaangalia meseji anayoilipia, sio stori za kijiweni. Na nyie mkatuma, herufi kubwa, CAF YAKUBALI FAINALI YARUDI KWA MKAPA. Haikuwa "inasemekana", haikuwa "tetesi", mliandika imekubali. Tawi zima lilishangilia, mwenyekiti wetu akatuambia hela ya boti tuiongezee kwenye basi la kututoa stesheni mpaka Temeke na chakula cha watoto, na waliokuwa wameshaanza kutafuta nafasi za boti wakaziachia wengine. Tumefika Dar ndo tunaambiwa na wenyeji mechi ipo Zanzibar, haijawahi kurudi popote. Kurudi kutafuta boti, zimejaa. Tiketi za Amaan, hakuna, ule uwanja baada ya ukarabati unaingiza watu elfu 15 hivi, ukipiga hesabu na waliokuwa wanataka kwenda unajua mwenyewe.

Kwahiyo fainali ya Afrika ya timu yangu, jambo ambalo baba yangu alilisubiri toka ile ya 1993, nimeiangalia kwenye kibanda umiza, nimesimama, kilomita mia nne na kitu kutoka nyumbani. Mutale wetu akafunga mapema tukaamini, Kagoma wetu akala nyekundu, Sidibe wa Berkane akasawazisha dakika za nyongeza, 1-1, kombe likaenda Morocco. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja wa tawi letu hakusema neno mpaka tunafika stesheni. Mimi siwezi kuwabebesha nyie matokeo. Ila nafasi ya kuwepo pale, hata nje ya geti la Amaan tu na bendera, mlitunyang'anya nyie na ile meseji yenu. Na mpaka leo hamjawahi kuifuta wala kuisahihisha. Kesho yake mlileta kura ya mchezaji bora kana kwamba hamna kilichotokea.

Nisieleweke vibaya kuhusu Amaan. Ni uwanja mzuri, toka ulivyokarabatiwa umependeza, na kwenye CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025 kundi lenye Senegal, Nigeria, Kongo Brazzaville na Sudan lilichezwa pale na Sudan akampiga Nigeria 4-0 pale pale. Wazanzibari wanastahili mechi kubwa. Ninachosema ni kwamba mtu aambiwe ukweli mapema aamue kukata boti au kubaki na redio yake.

Na hapa ndo penye maoni yangu kama shabiki ambayo naomba yamfikie mhariri wenu. Mnaandika tetesi za usajili asubuhi mchana jioni. Mchezaji Fei Toto akiwa Azam nyie mmempeleka Simba mmemrudisha Yanga sijui mara ngapi, AMESAINI, AMEMALIZANA, KUTAMBULISHWA LEO, na jamaa akaendelea kuvaa jezi ya Azam wiki hadi wiki. Lakini nyasi za Mkapa hamjawahi kutuma mtu akaziangalie! CAF waliufungia ule uwanja mwezi Machi 2025 kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea, ukaruhusiwa tukacheza na Al Masry, nusu fainali ikaenda Zanzibar, alafu fainali nayo ikaondoka. Hiyo ni miezi mitatu ya dalili. Chombo cha habari za michezo kinachojua kazi kingekuwa kimeshauliza zamani, mvua za masika zinakuja, ule uwanja unatumiwa na Simba, unatumiwa na Yanga, unatumiwa na Taifa Stars, maji yanatoka vipi, nyasi zinapumzika lini, mkaguzi wa CAF anarudi tarehe ngapi. Mimi nipo Dodoma nayajua haya kwa kusoma soma tu huku na kule, nyie mpo Dar, ofisi zenu na uwanja ni safari ya daladala moja. Habari ya nyasi haina mvuto wa kubofya najua, lakini ndo habari iliyoamua fainali yetu ikachezwe wapi.

Hata kwenye ligi ni hivyo hivyo. Msimu wa 2024/25 Simba na Yanga walikuwa wanacheza KMC Complex kule Mwenge, mechi nyingine zinarudi kwa Mkapa, na kwenye ratiba yenu sehemu ya uwanja mnaandika "Dar es Salaam" basi. Dar es Salaam ni kubwa jamani! Mgeni anashuka stesheni ya treni katikati ya mji, Mwenge ni upande mmoja, Temeke upande mwingine, Chamazi kwa Azam ndo kabisa mbali, na foleni ya jioni mnaijua. Ukikosea uwanja unaingia kipindi cha pili. Kuandika neno KMC au Mkapa ni herufi ngapi?

Kwenye CHAN mdogo wangu anayeishi Mbagala alipata meseji yenu kwamba tiketi za mechi ya Stars zimeisha, akakaa nyumbani, jirani yake akanunua jioni ile ile akaingia. Hilo nalipita haraka, nimelitaja tu mjue sio mimi peke yangu.

Sasa fikirieni AFCON ya 2027, kombe la mataifa ya Afrika, wenyeji Kenya, Uganda na sisi. Kuna uwanja mpya wa Arusha wa watu elfu 30, Nairobi kuna Talanta wa 60,000, Uganda wana Hoima. Watu wataanza kuvuka mipaka na mabasi usiku kucha, mtu atoke Mbeya aende Arusha, mtu atoke Mombasa aje Dar, paspoti, hela ya kubadilisha, watoto mgongoni. Mkiwa na tabia hii ya kutuma kwanza na kutokusahihisha baadae mtawaumiza watu wengi kuliko sisi wa tawi moja la Dodoma, na hao hawatakuwa na ndugu wa kuwapokea mji wa watu.

La mwisho ni la hela. Baada ya ile fainali nilituma neno la kujitoa kama maelekezo yenu yanavyosema, nikajibiwa "umefanikiwa kujitoa", kesho yake 150 imekatwa, na keshokutwa tena, na meseji zinaendelea kuingia. Nimetuma tena na tena, jibu ni lile lile na makato ni yale yale. Skrini shoti zote ninazo, za kujitoa, za makato, na ile ya CAF YAKUBALI ninayo pia, naziambatanisha na barua hii.

Ninachotaka ni hiki. Namba yangu itolewe leo, na kila shilingi mliyokata toka siku niliyojitoa irudi kwenye simu yangu. Watu wote mliowatumia ile meseji ya fainali watumieni nyingine, kwa herufi kubwa zile zile, mseme haikuwa kweli na muombe radhi, najua imeshapita ila wapo wazee kwenye tawi letu mpaka leo wanadhani viongozi wa klabu ndo waliowadanganya na wameacha hata kulipia kadi zao za uanachama, hao wanastahili kujua uongo ulitoka wapi. Nauli sijui kama mna utaratibu wa kufidia, ila tiketi za treni za kwenda na kurudi tumezitunza na tupo tayari kuzileta. Na kuanzia sasa mechi yoyote mkiitangaza andikeni jina la uwanja, na ikiahirishwa au kuhamishwa meseji itoke saa hiyo hiyo, bure, hata ikiwa saa nane usiku. Mwamsheni mtu. Mimi nitashukuru kuamshwa.

Nawapa mpaka mwisho wa mwezi huu kunijibu kwa maandishi. Nisipopata jibu napeleka malalamiko haya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, pamoja na skrini shoti zote, na katibu wa tawi ameshakubali kusaini pamoja na mimi.

Wenu,
Mteja na mwana Simba,
Dodoma.