Nani anajua Nakuru imenenepa kiasi gani?

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Bondeni, Nakuru, tangu 1996. Ninayo madaftari kumi na moja ya vipimo. La kwanza panya walilila pembe, lakini bado linasomeka: kifua, kiuno, nyonga, jina na tarehe. Kuna mwalimu aliyekuja kwangu 1999 akiwa inchi 27 kiunoni. Mwaka jana nilimpima inchi 39. Akacheka, akaniambia, "Fundi, hiyo tepu yako imevutika." Alipoondoka niliilaza kando ya rula ya mbao kuhakikisha, maana tepu huvutika kweli. Ilikuwa sawa.

Mwezi uliopita kwenye mkutano wa mtaa, bwana mmoja alisimama akatangaza kwamba watu wa mji huu wamenenepa, tuache chipsi na bodaboda. Nikamuuliza wamenenepa kutoka wapi hadi wapi. Watu wakacheka, naye akaendelea na chipsi zake.

Nilirudi nyumbani nikidhani jibu ninalo kwenye madaftari. Sinalo. Kwanza, yule mwalimu amezaa watatu na amezeeka kama mimi. Ukitaka kujua kama mji umebadilika, mwanamke wa miaka 35 wa leo mlinganishe na wa miaka 35 wa wakati ule, si mtu na ujana wake. Pili, na hili lilinichukua siku mbili kuling'amua, wateja wangu wenyewe wamebadilika. Zamani kila mtu alishonewa. Siku hizi mwembamba anapata gauni la mtumba linalomkaa vizuri kwa bei nisiyoweza kushindana nayo. Anayekuja kwangu ni yule aliyezunguka soko zima akakosa saizi yake. Kwa hiyo daftari langu lingenenepa hata kama Nakuru nzima ingekonda.

Takwimu za nchi zipo. Utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzani mwaka 2008 na 2009. Mwaka 2014 ikawa theluthi, na mijini ilikuwa asilimia 43. Mwaka 2022, safari hii wakihesabu wa miaka 20 hadi 49, tukakaribia nusu. Lakini hiyo ni Kenya. Kuhusu Nakuru yenyewe, ninaoukumbuka ni ule utafiti wa macho wa 2007 na 2008, wa watu wenye miaka 50 na zaidi. Walikuja kuangalia macho, lakini walibeba mizani pia, wakakuta asilimia 13 wana unene wa kupindukia na nusu wana shinikizo la damu. Fikiria, uzani wetu tumeujua kupitia madaktari wa macho! Na vijana wa miaka 30 hawakuguswa.

Tulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Ada ya kuegesha gari inahesabiwa kila siku. Mtoto akizaliwa anapimwa kliniki mwezi baada ya mwezi na kuandikwa kwenye kijitabu, kisha akikua hakuna anayemuuliza tena hadi apate kisukari.

Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye vifaa mwaka 2023. Wetu ni msichana mwenye adabu. Alinipima kilo 80, akaandika, akaaga. Urefu hakuuliza. Sasa kilo 80 bila urefu ni sawa na mteja kunipa kiuno akaninyima urefu wa sketi. Mimi nina mita 1.60, ukigawanya 80 kwa 1.60, kisha jibu ukaligawanya tena kwa 1.60, unapata 31, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kaka yangu ana kilo hizo hizo na mita 1.85. Yeye anapata 23, hana neno.

Ombi langu kwa idara ya afya ya kaunti ni dogo. Chagueni nyumba kwa kura, mitaa ya kipato kidogo ya Kaptembwa na Rhonda ikiwemo pamoja na Milimani ya wenye nacho, si wale wanaojileta hospitalini tu. Pimeni uzani, urefu na kiuno, mwandike umri, kisha mrudie baada ya miaka mitatu kwa njia ile ile, na matokeo mtubandikie sokoni.

Kiuno niko tayari kuwafunza kupima, bila malipo, ingawa chenu si changu: daktari hupima kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mimi hupima mahali sketi inapokaa. Ila wajue kwamba mwanamke akiona tepu huvuta tumbo ndani. Mimi humwuliza habari za watoto, akianza kujibu ndipo nasoma.

Mama Fundi,
Bondeni, Nakuru