Elia, mawe ya baba usiyauze kwanza

Sakina, Arusha
Jumapili usiku

Elia ndugu yangu,

Habari za Moshi? Mama hajambo na ule mguu? Mfikishie shikamoo yangu. Huku sisi wazima, mvua tu ndiyo imetuandama wiki nzima. Najua nimekaa kimya tangu msiba, nisamehe sana. Leo Kisamo kaniambia kuna dalali anakuja kubeba lile kopo la mawe ya kahawia la marehemu baba, yote kwa bei ya jumla. Usimpe. Nakusihi, ngoja kwanza.

Atakuambia hiyo ni turmalini, jiwe la vito, ila isiyo na soko, haipitishi mwanga, wateja wanataka ya kijani ya Landanai, kule Simanjiro. Kibiashara anasema kweli. Lakini rangi haikuambii jiwe ni nani. Mwaka 2013 Ferdinando Bosi wa Roma na Henrik Skogby wa Stockholm walieleza turmalini mpya kabisa duniani, na imetoka Osarara, Narok, Kenya. Narok, Elia! Hapo ng'ambo ya mpaka tu. Fuwele zenyewe ni ndogo, nyekundu ya kukolea, zimekaa ndani ya mwamba wa kwatzi na mika. Hakuna dalali ambaye angeinama kuziokota. Wameiita oksi-dravaiti.

Wewe ndiye mwalimu wa kemia, ila nivumilie nikueleze nilivyoielewa. Chukua mafiga matatu. Katika dravaiti ya kawaida, ile turmalini ya kahawia yenye magnesi, mafiga hayo ni atomi tatu za magnesi, na juu yake, katikati kabisa, kimetulia chungu kimoja cha oksijeni chenye kifuniko cha hidrojeni. Chungu cha Osarara kiko wazi. Basi! Ila kifuniko kilikuwa na chaji moja, na hesabu ya jiwe lazima ifunge: magnesi moja yenye chaji mbili inatoka, inaingia alumini yenye tatu. Magnesi zinabaki mbili, alumini zinakuwa saba badala ya sita, tena hazikai kila moja chumba chake, zinachanganyika kati ya mafiga na kuta, yaani makao ya zile alumini sita. Pete ya silikoni sita haikuguswa, wala vile vipembetatu vitatu vya boroni. Na hidrojeni ni nyepesi mno, eksirei inaipita kama haipo. Kwa hiyo inabidi wahesabu oksijeni ile imeshikwa kwa nguvu kiasi gani na majirani zake, ndipo wajue kifuniko kipo au hakipo. Nimeisoma sehemu hiyo ya makala yao mara nne.

Unakumbuka jikoni kwa bibi, tulipoweka kile kijiwe kando ya mkaa kikaanza kuvuta majivu, tukakimbia? Sababu ni ile pete. Piramidi zake sita za silikoni na oksijeni zote zimechongoka upande mmoja, kwa hiyo ncha moja ya fuwele si sawa na ya pili. Ikipata moto, huku inakuwa chanya, kule hasi, majivu yanaifuata. Waholanzi wa zamani waliiita mvuta-majivu.

Nikwambie linaloniuma. Mwaka juzi mteja alitaka kidani, nikang'oa turmalini ya kahawia kwenye mwamba wake, nikaiosha kwa asidi, nikaipiga mashine. Labda ilikuwa dravaiti tu. Lakini sitajua tena, na ule unga wa kahawia kwenye beseni bado nauona. Hata Mererani watu walichimba tanzanaiti miaka mingi wakivipita vijinywele vya kijivu, hadi 2016 vikaelezwa kuwa madini mapya, merelaniaiti. Vilikuwa mikononi mwetu.

Sisemi kopo la baba lina madini mapya. Nasema lipimwe kabla halijatawanyika. Chembe ndogo kama punje ya chumvi inatosha kwa eksirei, ila lazima jiwe lingine libaki zima ili likihitajika lihifadhiwe makumbusho. Anna anakwenda Dar mwisho wa mwezi, amekubali kuyafikisha kwa mwalimu wake. Nichagulie matatu ambayo bado yameshika mwamba. Yageuze uangalie kwenye kuvunjika: ukiona pembetatu iliyovimba mbavu, na mistari inayoteremka urefu wa jiwe, ndiyo hayo. Usiyaoshe hata kwa sabuni. Kila moja lifunge kwenye karatasi yake. Kisamo akija soko la Kilombero hapa Arusha Jumamosi, mpe yeye, usiyaweke kwenye basi.

Halafu nijibu: baba aliyapata wapi hasa, Namanga au kule Longido alikokuwa na yule rafiki yake wa punda? Kile kidaftari chake cha kijani bado kipo? Aliandika tarehe? Mama anakumbuka chochote? Na huyo dalali umeshapokea hela yake? Kama ni ya kurudisha, niambie ni kiasi gani, nitatuma kesho asubuhi.

Wako,
Joshua