Mtoni si Marhubi

Mhariri,

Kwa miaka 22 nimelisoma gazeti lenu bila ya kukuandikieni hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu "kasri lililoungua" imenishinda kuinyamazia. Picha mliyoitoa ni ya kasri la Mtoni, na maelezo ni ya kasri la Marhubi, na hayo ni makasri mawili tofauti ya hapa Unguja. Kasri alilolijenga Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899, ni la Marhubi. Mtoni lilikuwa jumba la baba yake, Sayyid Said bin Sultan, na lilikuwa limekwisha kuzeeka Marhubi ilipoanza kujengwa.

Baada ya Idi nilimpeleka mjukuu wangu Mtoni ili akaone mahali alipozaliwa Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, mwaka 1844. Tulimkuta mtembezaji mmoja akiwasimulia wageni habari za Barghash na moto. Nilimvuta pembeni na kumsahihisha kwa adabu, naye akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akaniambia, "Babu, imeandikwa hapa." Sikuwa na la kumjibu mbele ya mtoto. Nilikuwa nimekusudia kumwonyesha mjukuu wangu ulipokuwa ua mpana waliokuwamo tausi, paa na mbuni, na safu ya hamamu za kuogea, na benjle, ile roshani ya duara iliyoelekea baharini, ambako Sayyid Said alikuwa akitembea huku na huko kwa saa nyingi, akichechemea kidogo kwa jeraha la vita. Haya yote binti yake aliyaandika kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa mjane ughaibuni, kwa sababu hakutaka yapotee. Yeye ameyahifadhi akiwa mbali na kwao, nasi tunaoishi mwendo mfupi kutoka kwenye kijito kilichoupa mtaa jina lake tunashindwa hata kutofautisha nyumba ya baba na ya mwana.

Makala ilisema pia kwamba vyumba vyetu vya kale ni vyembamba kwa sababu "watu wa zamani walipenda faragha". Upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mkoko zinazobeba dari. Mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka wenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa, kwa hiyo fundi alijenga kwa upana wa boriti aliyonayo na kukirefusha chumba upande wa pili. Asiyejua hili ndiye anayepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, kama tunavyoona kila siku Mji Mkongwe. Chokaa huruhusu unyevu utoke, lakini saruji huufungia ndani, chumvi ikaula ukuta, na ncha za boriti zikaoza pale zilipoingia ukutani, hadi dari lishuke. Nyumba ya marehemu shangazi yangu ilianguka hivyo hivyo, miaka 3 baada ya "kutengenezwa".

Naomba masahihisho yachapishwe ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule. Naomba pia wahusika wasimamishe Mtoni ubao mmoja wa mfenesi, urefu wa mtu mzima, ulioandikwa kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote, na pale ilipokuwa benjle pawekwe duara la mawe meupe, ili mtoto aweze kusimama katikati yake na kutazama bahari.

Msomaji wenu,
Bububu, Unguja