Sauti Mliyopewa na Sauti Mliyoitafuta

Kwenu wanangu, malenga chipukizi wa Jinja,

Nimewasikiliza Jumamosi tatu nikiwa kimya. Serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022. Nyinyi mmeshafika mbali zaidi, mnakitungia mashairi. Nafurahi. Ila nina neno.

Mmoja wenu alighani hivi, mkampigia makofi kwa takriri ya v, yaani kuirudia sauti hiyo:

Vitabu vyetu vizuri, vyote vimo kabatini.

Mizani, yaani hesabu ya silabi, ni nane kwa nane, sawa. Lakini v hiyo kaletewa na ngeli. Ukishatamka vitabu, huna budi: vyetu, vizuri, vyote, vimo. Hata muuza samaki sokoni husema vivyo hivyo, wala hatumwiti malenga. Sasa sikieni huu wangu wa asubuhi:

Pepo zavuma, zavuta, vumbi lavisha vichaka.

Hapa v nimeisaka mwenyewe. Imo ndani ya vuma, vuta na visha, na vumbi nimelichagua kati ya mengi. Niliyopewa bure ni vi ya vichaka tu. Tegeni sikio na kwenye irabu: vu, vu, vu, vumbi likiinuka, kisha vi, vi, likitua.

Vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, navyo vina hila. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo kina hakimpi mtu jasho. Mkazo, lakini, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Pita na kata zinalingana kwa ta, na kwa mwimbaji zinatosha, maana wimbo huivuta ile silabi ya mwisho. Nyinyi mnasoma jukwaani bila kuimba: ta inafifia, kinachosikika ni pi na ka. Jaribuni pata na kata, muone.

Halafu kuna l na r. Kwa Kiganda r hufuata i na e, kwingineko ni l, kwa hiyo ulimi wetu huzichukulia kama ndugu wa tumbo moja. Kwenye vina si ndugu. Mali haifungani na siri. Na yule aliyeandika kura akasoma kula, ukumbi ukaangua kicheko (ingawa siku hizi sijui kama alikosea).

Jumamosi hii leteni ubeti mmoja mmoja. Nitakaa nyuma, nimefumba macho.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu